Kumpata mchumba katika pilika za kila siku: ni wapi panafaa, na mtu aanzeje?

Mkazi wa Kimara aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mwanaume wa miaka 32, mhasibu katika ofisi binafsi maeneo ya Posta, Dar es Salaam, na sijawahi kuoa. Nimekulia Njombe, mahali ambapo hata usipomjua mtu mwenyewe utamjua shangazi yake, au angalau utajua anasali wapi, kwa hiyo namna ya kufahamiana na binti wa watu haikuwa jambo la kuulizia ushauri. Hapa mjini ninapishana na watu wengi mno kila siku, lakini karibu wote wananipita bila salamu, nami nawapita vivyo hivyo.

Programu za simu za kutafutia wachumba sizitaki. Sizidharau, ila nikishashinda kutwa mbele ya kompyuta sina tena hamu ya kukaa na kioo kingine nikimpima mtu kwa picha zake. Ningependa kumpata mwenzangu katika maisha ninayoishi tayari: kwenye mwendokasi wa kutoka Kimara kwenda Kivukoni, kwa mama lishe tunapokula mchana, dukani, benki, kanisani, na katika kikundi cha mbio cha mtaani kwetu ambacho hukimbia Jumamosi asubuhi.

Kinachonizuia ni haya ninayoyasikia kwa binamu zangu wa kike wanaoishi Sinza. Wao husema kwamba kutoka kituoni hadi nyumbani huitwa, hufuatwa, huombwa namba, na wakikaa kimya hutukanwa kwamba wanaringa. Sitaki kuwa mmoja wa wanaume hao. Kwa upande mwingine, nikiendelea kunyamaza hivi, sioni ni kwa njia gani mtu yeyote atajua kwamba nipo. Naomba mnieleze, hasa akina dada, ni mahali gani ambapo mtu akikuanzishia mazungumzo huoni kero, na ni wapi ambapo hata mtu mwenye nia njema anapaswa kufunga mdomo wake na kuendelea na safari.

Dada wa Dirishani alijibu:

Kaka, asante kwa kuuliza kabla ya kutenda. Nitazungumza kwa niaba ya sisi tunaokaa nyuma ya kioo, kwa kuwa umeitaja benki, na mimi kabla ya kuajiriwa benki niliwahi kuwa wakala wa huduma za fedha kwa simu.

Mtu aliyeko kazini mwondoe kabisa katika hesabu zako. Mhudumu anakutabasamia kwa sababu ndiyo kazi yake, na msimamizi wake anaangalia. Ukiniambia kwamba leo nimependeza huku nimeshika fedha zako na foleni imefika mlangoni, siwezi kukujibu ninavyotaka. Nikinuna utaandika malalamiko, nikicheka utadhani nimekubali. Ndivyo ilivyo kwa dada wa saluni, kwa muuguzi, kwa mhudumu wa mgahawa na kwa huyo mama lishe wenu pia. Wateja wenzako mnaokaa nao benchi moja kila mchana ni suala jingine, maana wao hawalipwi kukuvumilia.

Kuna tabia moja ningependa wanaume waiache leo hii. Wakala anapokufanyia muamala huona namba yako na jina lako, na wapo wanaoziandika pembeni na jioni kutuma ujumbe wa “mambo mrembo”. Wapo pia wateja wanaochukua namba ya dada wa duka kwenye ujumbe wa malipo na kuanza kumpigia usiku. Namba iliyotolewa kwa ajili ya muamala haikutolewa kwa ajili ya mazungumzo. Tangu Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, ambayo msingi wake ni kwamba taarifa ya mtu itumike kwa lengo lile alilolitolea, lakini hata kama sheria hiyo isingekuwapo, mwanamke anayepokea ujumbe wa namna hiyo huanza kujiuliza huyu mtu anajua mambo gani mengine kunihusu.

Kuhusu mwendokasi, kipimo changu ni kimoja: je, huyo dada anaweza kuondoka akitaka? Ndani ya basi lililojaa hadi mlangoni, ambamo hata mkono wa kushika bomba unaugombania, hawezi. Hata ukisema maneno mazuri namna gani, yeye anahesabu vituo vilivyobaki na kujiuliza kama utashuka pamoja naye. Mkiwa kituoni mnasubiri, kuna taa na kuna watu, anaweza kusogea hatua tano bila kueleza sababu. Hapo salamu na neno moja kuhusu usafiri wa siku hiyo halimuumizi mtu. Akikujibu kisha naye akakuuliza kitu, endelea. Akikujibu kwa neno moja na kurudi kwenye simu yake, basi umeshapata jibu, wala usilisubiri lingine.

Na usidhani kwamba ninyi peke yenu ndio mnaotazama. Sisi pia huwaona watu tunaopanda nao kila siku: yule anayempisha mama mwenye mtoto, na yule anayejifanya amelala.

Mzee wa Ngamiani alijibu:

Salaam kwenu nyote. Naandika kutoka Tanga, nikiwa nimeshawahi kuwa mshenga kwa vijana kadhaa wa ukoo na wa mtaa, na ninaona kuna jambo limesahaulika katika mjadala huu.

Vijana wengi hudhani kwamba mshenga alikuwepo kwa sababu kijana wa zamani hakuwa na ujasiri. Kazi yake kubwa, kwa nilivyoiona mimi, ilikuwa kubeba jibu la hapana. Kwanza akina mama na mashangazi waliuliza chini kwa chini: binti ana mtu, anasoma, wazee wake wana msimamo gani. Mambo yakionekana mepesi ndipo mshenga alipokwenda na neno. Kama upande wa pili haukutaka, haukusema kwamba kijana hafai. Ulisema binti bado ni mdogo, au kuna barua nyingine imetangulia kuingia ndani. Mshenga alirudi na maneno hayo, kila mmoja akayaelewa, na kesho yake kijana na binti walipishana sokoni wakasalimiana bila yeyote kuinamisha uso. Ninyi wa mijini mmeuondoa ule mlango wa kutokea kwa heshima, ndiyo maana anayekataliwa hutukana na anayekataa huogopa.

Kwa hiyo mwanangu, huko Kimara usijione mpweke kabisa. Una dada, una shemeji, una mke wa rafiki yako. Ukimwona mtu kanisani ukavutiwa naye, muombe mmoja wao akuulizie kama ana mchumba kabla hujamkaribia. Hilo peke yake litakuepusha na kumsogelea mke wa mtu. Kwa sisi Waislamu jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa mwanamume na mwanamke wasio maharimu hawatakiwi kukaa faragha, na nia ikishakuwa ya ndoa, wali wa binti, yaani msimamizi wake wa ndoa, ni lazima ajue mapema, si siku ya kupeleka posa.

Nikuonye pia kuhusu ulimi. Kijana anayetaka kumtuliza mwanamke haraka hukimbilia kumwambia “nitakuoa”. Maneno hayo si ya kuchezea hata mbele ya sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatoa nafasi ya kudai fidia mahakamani kwa aliyeahidiwa ndoa kisha ahadi ikavunjwa. Ndoa itajwe pale mnapokuwa mmefahamiana, na ikishatajwa, utaratibu ufuatwe: barua ya posa, majibu, mahari, ndipo tangazo la siku 21 ambalo sheria hiyohiyo inalidai kabla ya kufunga ndoa. Harusi ninazoalikwa bado naiona barua ikifungwa kwenye leso pamoja na fedha ya kuifungulia, ijapokuwa bwana na bibi walikutana wenyewe kwenye daladala.

Kijana wa Mbezi alijibu:

Kwa heshima zote kwa mzee wetu, mimi naona tunamzungusha mwenzetu. Katika mji huu mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri na kurudi nyumbani saa mbili usiku, na huko kote hana nafasi ya kumtambua jirani yake, sembuse mchumba. Programu za simu zina wadanganyifu, ni kweli, wapo hata wanaoomba nauli na kutoweka, lakini angalau kila aliyejiandikisha amesema wazi kwamba anatafuta mtu. Barabarani huwezi kulijua hilo mpaka uulize, na kuuliza kwenyewe ndiko mnakokuita kero. Sioni kwa nini afunge njia hiyo.

Mama Kamati alijibu:

Kijana wa Mbezi ana hoja, ila aliyeuliza ameshasema njia hiyo haitaki, kwa hiyo tumsaidie alipo.

Nashangaa hakuna aliyetaja kamati za harusi. Mdogo wangu wa Kimara, lazima kuna mfanyakazi mwenzako au ndugu yako anayeoa mwaka huu, na lazima umepewa kadi ya mchango. Najua wewe ni mhasibu, na naona kabisa ulivyotuma fedha yako kwa simu ukabaki nyumbani. Safari nyingine nenda kwenye vikao. Jitolee kumsaidia mweka hazina. Kamati huanza miezi kadhaa kabla ya sherehe, hukutana jioni mara moja kwa wiki, na siku zikikaribia hukutana hata mara mbili; huwa na mwenyekiti, katibu, na watu wa chakula, ukumbi, mapambo na usafiri, wanaume kwa wanawake, wanaotoka upande wa familia, kazini, kanisani na mtaani. Ni watu ambao hawafahamiani wote, lakini kila mmoja ana anayemfahamu. Ukivutiwa na mtu, kuna mwenzenu atakayekwambia ni binamu ya nani, na yeye vilevile ataambiwa wewe ni nani. Ndicho kile ulichokiacha Njombe.

Uzuri wa kamati ni kwamba haifichi tabia. Katika kikao utamjua anayeahidi laki mbili mbele ya watu na kuzima simu anapodaiwa, utamjua anayechelewa kila mara, anayewajibu vibaya wahudumu wa ukumbi, na anayekunywa hadi kikao kinamshinda. Huwezi kuyajua hayo mkiwa wawili mezani mmevaa vizuri. Baada ya harusi huwa kuna siku ya kuvunja kamati, watu wanakula, wanacheza muziki na kusomewa mapato na matumizi, na hapo hakuna atakayeshangaa wawili wakibadilishana namba. Nimeshachangia harusi za watu waliokutana kwenye kamati ya harusi ya wengine, nami mwenyewe nikapewa kitenge cha sare.

Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vina faida zake, ila huko fedha zinazunguka, na uchumba ukivunjika katikati ya mkopo kikundi kizima kinaugua. Kwaya ni nzuri lakini inataka uvumilivu mkubwa kuliko kamati. Kamati ina mwisho wake, kwaya haina. Ukimwambia mwenzako neno mwezi wa kwanza na asilipokee, mtaendelea kusimama bega kwa bega kila Jumapili kwa miaka. Mahali pa kudumu panataka mtu akae muda mrefu zaidi kabla ya kusema lolote, na akisema, aseme mara moja tu.

Kwa mzee wa Ngamiani, shikamoo baba. Nakubali uliyosema kuhusu kuulizia. Ila mshenga wa leo asitumwe mapema, kwa sababu binti anayeweza kumwambia kijana mwenzake “hapana, asante” hupata tabu kumwambia hivyo mama mchungaji au mke wa bosi wake. Nimewaona mabinti wakikubali kwenda kunywa soda na mtu wasiyemtaka kwa kumstahi tu aliyetumwa. Anayetumwa aulize kama binti ana mtu, basi. Ombi lenyewe kijana alibebe.

Mzee wa Ngamiani alijibu:

Marahaba mwanangu. Hilo la kumstahi aliyetumwa ni kweli, na hata zamani lilikuwepo. Ndiyo sababu mshenga hakuchaguliwa mtu mwenye mamlaka juu ya nyumba ile. Alichaguliwa mtu mwenye maneno laini, ambaye wenye nyumba wangeweza kumkatalia wakacheka naye.

Mkazi wa Kimara aliandika tena:

Nawashukuru wote. Kuhusu kamati ya harusi mmenishika pabaya, maana kuna ya mfanyakazi mwenzangu inaanza mwezi ujao na nilikuwa tayari nimeandaa fedha ya kutuma.

Niongeze swali moja mahususi. Katika kikundi chetu cha mbio, ambacho Jumamosi moja moja huenda kukimbilia Daraja la Tanzanite, kuna dada ambaye kasi yetu inalingana, kwa hiyo mara nyingi tunajikuta pamoja. Tunazungumza mambo ya viatu, ya mbio za Kilimanjaro, ya kazi. Yeye pia huniuliza maswali. Namba yake ipo kwenye kundi la simu la wanakikundi, lakini baada ya kusoma maelezo ya Dada wa Dirishani sijaigusa. Je, nimwambie nini, na nimwambie lini, bila kumharibia Jumamosi zake endapo hataki?

Dada wa Dirishani alijibu:

Umefanya vizuri kuiacha ile namba. Kundi la wanakikundi ni la ratiba za mbio, na ujumbe wa faragha unaotokea huko ghafla saa tatu usiku humfanya mtu ajitoe kwenye kundi kimyakimya.

Usimwambie mkiwa mnakimbia, wala mkiwa wawili nyuma ya wenzenu. Subiri mmemaliza, watu wananyoosha viungo na kunywa maji, mmesogea pembeni kidogo lakini bado mnaonekana. Mwambie kwa sentensi fupi kwamba unafurahia kuzungumza naye na ungependa siku moja mnywe chai mahali, ninyi wawili, kama hana mtu na kama angependa. Neno “wawili” lisikose, kwa sababu wanaume wengi huficha nia ndani ya mwaliko wa kirafiki, halafu mwanamke anapofika akiwa na rafiki yake wananuna. Mpe namba yako badala ya kuomba ya kwake, umwambie akitafakari atakutafuta. Hapo unakuwa umemwachia mlango ule ambao mzee wetu ameusema, bila kumtuma mtu.

Asipokutafuta, Jumamosi inayofuata nenda kama kawaida, msalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia, zungumza na wengine zaidi kidogo, na usilirudie lile jambo. Usiache kuja kwa aibu, maana atajilaumu kwamba amekufukuza, na usipunguze mwendo ili muwe sawa. Kama yeye ndiye atakayeongeza au kupunguza mwendo ili akufikie, hilo litakuwa ni lake kuamua.

Mama Kamati alijibu:

Naongeza dogo tu: akikubali, chai iwe mchana, mahali penye watu na ambapo yeye anaweza kupata usafiri wa kurudi peke yake, na umwache yeye achague eneo. Na hata akikubali, kwenye kamati ya mwezi ujao nenda, wanahitaji mhasibu.